Makundi ya sonona: swali ni nani yuko zamu

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kinachomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kinapingana na Katiba. Habari ile ilipovuka mpaka na kufika huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wengi waliielewa vibaya. Wapo waliosema Wakenya wameruhusu watu wajiue. Wapo waliosema hayo ni mambo ya wanasheria wa Nairobi, sisi hayatuhusu. Nawajua watu wachache walioisoma kwa makini, na karibu wote ni wale wanaosimamia makundi ya simu ambamo watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hukutana, husalimiana asubuhi kwa "kamwene" na "shikamoo", kisha usiku humwaga yaliyowajaa moyoni. Wao walielewa mara moja kwamba hukumu ile inagusa kazi wanayoifanya kila siku, kazi ambayo hawalipwi wala hawana cheti chake.

Mjadala kuhusu makundi haya hufufuka kila unapotokea msiba wa kijana aliyejiua. Upande mmoja unasema yafungwe, kwa sababu wagonjwa hawawezi kutibiana. Upande wa pili unasema waacheni watu waongee, kuongea ni dawa. Naona pande zote mbili zimekosa shabaha. Watu wameshaanza kuongea na hakuna atakayewanyamazisha. Kinacholifanya kundi liokoe mtu au limzamishe ni usimamizi: nani yuko macho, anafuata kanuni gani, na likimzidi ana njia ipi ya kutoka. Kazi hiyo tunaidharau kwa sababu kwa nje inafanana na kufuta picha za matangazo kwenye kundi la harusi.

Tuanze na ramani, maana bila ramani hoja ya "waende hospitali" inasikika rahisi kuliko ilivyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa saba: Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Ruvuma, Rukwa na Katavi. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iko Dodoma tangu mwaka 1927, na jina lake hadi leo hutumika kama tusi mitaani. Mtu wa milimani Makete, au wa ng'ambo ya Ludewa kuelekea ziwani, akitaka kuonana na mtaalamu wa afya ya akili lazima ahesabu nauli, siku za shamba atakazopoteza, mahali pa kulala, na maneno ya majirani watakaouliza alikwenda kufanya nini. Sonona yenyewe inamnyang'anya nguvu ya kupanga safari kama hiyo. Asiyeweza kuamka kitandani kwenda kisimani hataamka kupanda basi la alfajiri. Simu iko chini ya mto wake.

Kusaidiana kwa watu waliopatwa na jambo moja si kitu kilicholetwa na simu hapa kwetu. Kwa utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Mikoa hii mitatu imejifunza kwa machungu nini mgonjwa anaweza kumfanyia mgonjwa mwenzake na nini hawezi. Vikundi vya WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, akina mama vinara wanaowasaidia wenzao wenye VVU, na washauri rika kwenye kliniki za matibabu ya VVU, zinazoitwa CTC, hawakuwahi kujifanya madaktari. Walikuwa wanamfuata aliyeacha dawa mpaka nyumbani, wanakaa naye, wanamrudisha kliniki. Walikuwa na mahali pa kumrudisha, na muuguzi aliyewajua kwa majina. Ndicho makundi mengi ya sonona hayana. Yana huruma ya kutosha, lakini nyuma ya huruma hiyo hakuna mlango wa kubisha.

Wanaotaka jambo hili liachiwe wataalamu wana hoja, na si ndogo. Kwa ruhusa ya wasimamizi niliwahi kukaa kimya ndani ya kundi moja la hapa Mbeya, na nilichokiona kinawapa haki ya kuogopa. Dada mmoja alisema vidonge vinamfanya alale kama gogo, na kabla msimamizi hajaufikia ujumbe ule alikuwa ameshashauriwa aviache, anywe mizizi fulani, afunge siku tatu, na ajiunge na biashara ya virutubisho. Kuacha ghafla dawa za sonona bila kumweleza aliyekuandikia kunaweza kukuletea kizunguzungu, kukosa usingizi, na ugonjwa kurudi kwa nguvu. Watu wa virutubisho hunusa makundi haya haraka sana. Nyuma yao huja watu wa mikopo ya kausha damu, na hao nawaona wabaya zaidi, kwa sababu wanauza kwa mtu aliyevunjika kitu ambacho pengine ndicho kilichomvunja.

Hata hivyo, hoja ya wataalamu peke yao inagonga ukuta wa ushahidi. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani huko Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573: waliopitia kwenye mabenchi yale walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watetezi wa makundi ya simu hupenda kuutaja utafiti huu, na wana haki, ila huutaja nusu. Bibi wale walifundishwa. Walikuwa na mpango wa vikao sita, walifuata hatua za kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia, walisimamiwa, na mgonjwa aliyewazidi walijua wampeleke kwa nani. Ushahidi ule unathibitisha kwamba mtu asiye daktari anaweza kusaidia akiwa ndani ya utaratibu. Kwa kundi la watu mia tano wasiojuana, lenye msimamizi mmoja aliyelala, haujathibitisha lolote.

Hofu ya pili ni kwamba maneno ya kujiua yanaambukiza. Hapa pana ukweli unaohitaji kushikwa kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiwaonya waandishi wa habari kwa miaka mingi wasieleze njia iliyotumika, wasitaje mahali, wasimpambe marehemu kana kwamba ameshinda, kwa kuwa habari za namna hiyo huvuta wengine. Onyo hilo linahusu kundi la simu kuliko hata gazeti, maana msomaji wa gazeti anaweza kuwa yeyote, wakati kundini kila anayesoma tayari ameumia. Lakini onyo hilo halisemi watu wakae kimya. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Wanaofanya kazi hii wanafundishwa wamuulize, kwa maneno yasiyozunguka. Basi kanuni inayofaa inamruhusu mwanachama kusema uchungu wake wote na inamkataza kueleza njia. Kuiandika kanuni hiyo kunachukua dakika moja. Kuitekeleza ndiko kunakochosha.

Chukua ujumbe ulioingia saa nane usiku ukiwa na vyote viwili, uchungu na njia. Ukiuacha, wasomaji wengine watausoma wakiwa peke yao gizani. Ukiufuta, WhatsApp inaacha alama kwamba umefutwa na msimamizi, na aliyeuandika anaona kwamba hata hapa, mahali pa mwisho alipodhani atasikilizwa, amefungiwa mlango. Wasimamizi wazuri niliowaona hawafuti wakanyamaza. Wanaufuta na wakati uleule wanamfuata faragha: "Mdogo wangu, nimeuondoa ule ujumbe kwa ajili ya wenzetu, siyo kwa sababu umekosea. Nipo. Uko wapi sasa hivi, uko na nani?" Mmoja anabaki na yule mtu faragha. Wa pili anabaki kundini kuwatuliza walioshtuka, maana daima kuna watano sita walioshtuka na hawasemi. Ni kazi ya watu wawili walio macho. Makundi mengi yana mmoja, naye ana sonona pia, ananunua bando kwa fedha yake, na asubuhi anatakiwa afungue genge Soweto au Mwanjelwa hapa Mbeya.

Ndiyo maana naunga mkono jambo linalowaudhi wengi: kundi lisilo na mtu wa zamu lifungwe usiku. WhatsApp inaruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe. Saa nne usiku swichi hiyo ibanwe, ifunguliwe alfajiri. Najua jibu litakalokuja, kwamba usiku ndipo maumivu yanapozidi. Ni kweli. Lakini kundi lililo wazi bila mtu wa kujibu linatoa ahadi lisiyoweza kuitimiza, na mtu aliyeandika "kuna mtu yuko macho?" akakaa saa tatu bila jibu anaamka, kama ataamka, akiwa na ushahidi mpya kwamba hana mtu. Kundi lililofungwa huku juu yake pamebandikwa jina la aliye zamu, namba yake, na namba 199 ya Wizara ya Afya, linasema ukweli kuhusu uwezo wake. Wasimamizi wakiongezeka, kundi lifunguliwe mpaka usiku zaidi. VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, hukopesha kwa kadiri ya kilichomo kwenye sanduku, na hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa ukatili.

VICOBA vina jambo jingine la kufundisha: katiba. Mwanachama hasaini fomu ya kujiunga bila kusomewa faini, wadhamini, na nini kitatokea akishindwa kulipa. Makundi ya sonona huingiza watu kwa kiungo tu, bonyeza ukaribie. Kwa maoni yangu kila anayejiunga angepaswa kutoa mapema, akiwa ametulia, vitu viwili: kata anayoishi, na jina la mtu mmoja anayemwamini ambaye msimamizi anaruhusiwa kumpigia siku mambo yakiharibika. Habari hizo zikae kwenye daftari kwa wasimamizi wawili, zisikae kundini. Mtandao ulipozimwa nchini kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, kundi lisilokuwa na namba za watu wake kwenye karatasi halikuwa na namna ya kujua nani amebaki peke yake na mawazo yake.

Faragha nayo inazungumzwa kijuujuu. Watu wanadhani wakijiita "Nyota ya Asubuhi" wamejificha. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp namba inaonekana, laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na yeyote anayetaka kujua mwenye namba ni nani anaiingiza kwenye M-Pesa au Airtel Money kana kwamba anatuma fedha, jina kamili linatokea, kisha anaghairi. Katika mji wa ukubwa wa Iringa au Njombe jina kamili linatosha kukufikisha kwa mwajiri, kwa mchungaji na kwa wakwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, lakini sheria hufika baada ya skrinshoti kuzunguka. Msimamizi anayejua kazi yake huhamishia watu mahali ambapo namba hufichika, au hupokea ujumbe yeye na kuuweka kundini bila jina. Inachosha, na hakuna anayemshukuru, maana siri iliyotunzwa haionekani.

Kuna hoja moja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba huku kwetu kujiua ni asili, hasa kwa Wahehe, kwa hiyo makundi na washauri ni kupoteza muda. Utani huo uko kwenye mabasi, kwenye harusi, hata midomoni mwa viongozi. Wengine humburuza Mkwawa mwenyewe, aliyejiua Julai 1898 baada ya kuwindwa na Wajerumani kwa miaka kadhaa, wakamfanya ushahidi wa damu ya kabila. Uamuzi wa mtawala aliyezingirwa vitani hauna la kutufundisha kuhusu kijana wa bodaboda Mafinga mwenye deni la pikipiki, wala kuhusu mama wa Mufindi aliyejifungua na hawezi kumtazama mtoto wake. Hoja ya asili inachukua vitu vyenye jina na dawa, yaani deni, pombe, msiba, ugonjwa, kipigo cha nyumbani, na kuvificha nyuma ya kabila. Na ina madhara ya moja kwa moja. Nimesoma ujumbe wa kijana wa Kihehe aliyesema anaogopa kumwambia rafiki yake anavyojisikia kwa sababu anajua jibu litakuwa kicheko. Kundi linalovumilia utani huo ndani yake limeshamtoa mwanachama huyo bila kubonyeza chochote. Hapo sioni nafasi ya upole: onyo moja, la pili nje.

Wenye imani nao wana lawama yao, kwamba makundi haya huweka maongezi mahali pa maombi. Sijaona hivyo. Nimeona maombi mengi humo, ya Kilutheri, ya Kimoraviani, ya Kikatoliki, dua pia, na wapo wanaosema sala ya mwenzao wasiyemjua iliwafikisha asubuhi. Mpaka ni mmoja tu: asiwepo wa kumwambia mwenzake kwamba dawa ni ukosefu wa imani.

Nirudi kwenye hukumu ya Kenya. Kifungu chetu ni cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16: anayejaribu kujiua ametenda kosa. Tuliirithi sheria hii kwa Waingereza, na Waingereza wenyewe waliifuta kwao Agosti 1961, miezi minne kabla ya bendera yetu kupandishwa. Ghana iliifuta yake mwaka 2023. Wanaotetea kifungu hiki wanasema kinatisha na kwa hiyo kinazuia, na nikiwaelewa vizuri wanamaanisha jamii isionekane inabariki kifo. Nia hiyo naiheshimu. Lakini mtu aliyekata tamaa ya kuishi hatishwi na mahabusu. Anayetishwa ni aliyenusurika, na ndugu zake, na msimamizi wa kundi.

Huyo wa mwisho ndiye hakuna anayemtaja bungeni. Mwanachama akimwandikia kwamba wiki iliyopita alijaribu, msimamizi ameshika mikononi mwake ungamo la kosa la jinai, kwa maandishi, lenye tarehe na namba ya simu. Akiita msaada wa serikali ya mtaa, anaweza kuwa amemwita askari. Akimpeleka hospitali, anaogopa mapokezi wataulizia PF3, ile fomu ya polisi. Kifungu cha 216 nacho, kinachomwadhibu vikali anayemshawishi au kumsaidia mtu kujiua, humtia hofu japo hakimhusu, kwa kuwa kusikiliza si kushawishi. Nani atamweleza hivyo saa nane usiku? Matokeo yake nimeyasikia kwa zaidi ya msimamizi mmoja: wanawaambia wanachama wasiseme wamejaribu, waseme "nilizidiwa". Wenye hatari kubwa kuliko wote wanafundishwa kuificha hatari yao ndani ya kundi lililoundwa ili waiseme. Kwa hiyo anayesema kifungu cha 217 hakiwahi kumdhuru mtu kwa kuwa mashitaka yake ni nadra anahesabu kesi tu, wakati madhara yako kwenye ukimya.

Serikali ikitaka kusaidia bila kuyamiliki makundi haya, nafasi ipo tayari. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unaweka mtu wa afya karibu na kaya, na mtu huyo anaweza kuwa mlango ambao wasimamizi wanaukosa, asiye askari na asiyehitaji nauli ya kumfikia. Kila hospitali ya wilaya inaweza kumtaja muuguzi mmoja wa kupokea simu za wasimamizi, kama CTC zilivyokuwa zikipokea za washauri rika. Nisichokitaka ni usajili wa makundi yenyewe kwa orodha ya wanachama. Siku orodha hiyo itakapodaiwa, watu watahamia mahali pasipo na msimamizi yeyote, na hakuna daktari wala polisi atakayepajua.

Bunge linaweza kukiondoa kifungu cha 217 kwa marekebisho ya mstari mmoja. Lisipofanya hivyo, nadhani mahakamani hapa kwetu atakwenda mtu kama walivyokwenda waliofungua kesi ile ya Kenya, na sitashangaa akiwa msimamizi wa kundi kutoka Iringa mwenye simu iliyojaa maungamo ambayo hajui ayafute au ayahifadhi.